Kapiteni Joubert, Askari wa Mission

Padri anayewekwa kati ya askari haendi vitani ili apigane. Yeye huchukua Sakramenti, si bunduki: huungamisha, huwapa Ekaristia walio karibu kufa, huzika wafu. Lakini katika nchi yetu ya Tanganyika palikuwa na wakati ambapo mapadri walikaa kati ya watu waliowindwa kama wanyama, wala hapakuwa na jeshi la kuwaokoa. Nani basi angeshika silaha? Aliyeitika alikuwa mlei, Léopold Louis Joubert.

Alizaliwa tarehe 22 Februari 1842 huko Saint-Herblon, Ufaransa. Mwaka 1860 alijitoa kuwa askari wa Baba Mtakatifu Pio IX, akapigana Castelfidardo mwaka ule ule. Baadaye alipanda cheo hata akawa kapiteni wa Wazuavi, yaani askari wa kujitolea waliotoka nchi nyingi kumlinda Papa. Tarehe 20 Septemba 1870 Roma ilitekwa, na jeshi lao likavunjwa. Joubert akarudi kwao, askari asiye na jeshi, naye ana miaka 28 tu.

Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, aliwatafuta watu wa namna hiyo. Alitaka walei wawalinde wamisionari, ili mikono ya mapadri ibaki kwa kazi ya altare. Joubert akaitika, akasafiri kuja Afrika mwaka 1880.

Mwaka 1885 boma la Mpala, lililojengwa na Storms mwaka 1883, lilitiwa mikononi mwa Mapadri Weupe. Joubert, aliyekuwa amekwenda kwao kupumzika, akarudi Mpala mwezi Machi 1887. Akawafundisha vijana kutumia bunduki na kulinda vijiji, kwa maana wawindaji wa watumwa walichoma nyumba na kuwavusha mateka ng'ambo ya ziwa. Mkubwa wao alikuwa Rumaliza wa Ujiji. Joubert alisimama na watu wachache na risasi chache, hata msaada wa Kapiteni Jacques ulipofika mwaka 1891.

Wazungu wengi wa siku zile walikaa na wanawake wa nchi bila ndoa. Joubert hakufanya hivyo. Mwaka 1888 alifunga ndoa ya Kikristo na Agnès Atakaye, wakakaa Mrumbi karibu na Mpala. Mungu akawajalia watoto kumi, na wawili kati yao wakawa mapadri.

Tusifiche jambo moja. Pale Mpala wamisionari walitawala na kuhukumu kama wafalme, na dola ya Leopold II, iliyomshinda Rumaliza, iliwatesa watu wengi wa Kongo kwa kazi ya mpira. Bunduki iliyokuja kumwokoa mtu ni rahisi kugeuka ikawa bwana wake. Ndiyo sababu maisha ya Joubert yanastahili kutazamwa hata mwisho, si siku za vita peke yake.

Maana vita vilipokwisha, Joubert hakutafuta cheo wala mali. Alibaki na watu wale aliowalinda, akiwauguza wagonjwa na kuwafundisha katekisimu. Mwaka 1910 alihamia Misembe, karibu na Moba. Alikuwa angali hai mwaka 1917, Stefano Kaoze, mtoto wa Marungu, alipopewa upadri, Mkongo wa kwanza kuupata. Joubert alifariki Misembe tarehe 27 Mei 1927, mwenye miaka 85.

Ndugu mkristo, nchi yetu ya mashariki imeona bunduki nyingi tangu siku zile. Ukikutana na mtu anayesema amebeba silaha kwa ajili yako, mtazame siku hatari inapopita: je, ataiweka chini akae nawe kama jirani? Joubert aliiweka. Tumwombe Mungu atujalie walinzi wa namna hiyo.