Alfred Butts: Baba wa Scrabble aliyekuwa akifungwa nyumbani na mkewe

Mwaka 1931 Alfred Mosher Butts alikuwa na miaka 32, mchoraji wa ramani za majengo jijini New York, Marekani, na hakuwa na kazi. Uchumi ulikuwa umeporomoka, watu hawajengi, ofisi ikapunguza wafanyakazi naye akapigwa chini. Akawa kama mchezaji aliyeachwa katikati ya msimu na hakuna timu ya kumsajili.

Akiwa benchi namna hiyo, jamaa akaanza kubuni mchezo. Aliona kuna michezo ya kusogeza kete kama sataranji, kuna ya namba kama dadu, na kuna ya maneno. Hiyo ya maneno aliiona bado haina mwenyewe. Akataka uwe na bahati kidogo na akili nyingi.

Kazi ngumu ilikuwa kujua kila herufi iwe na kete ngapi. Butts akachukua magazeti, ukiwemo ukurasa wa mbele wa New York Times, akahesabu herufi moja moja kwa mkono. E zikaonekana kila mahali, ndiyo maana leo ziko 12 na kila moja ni pointi 1. Q na Z ni adimu, basi kila moja ina kete moja tu, yenye pointi 10. S aliibana kwa makusudi. Gazetini zimejaa, lakini yeye akaweka 4, kwa sababu kwa Kiingereza ukibandika S mwishoni umepata wingi, na kila mtu angeokota pointi za bwerere. Kete zote ni 100.

Hesabu hiyo ya mtu asiye na kazi ndiyo inayoamua Scrabble inavyochezwa hadi leo. Mchezaji hushika kete 7, na shabiki wa kawaida hudhani ushindi ni kupanga neno refu la kutisha. Mara nyingi mechi huamuliwa na pasi fupi fupi. Chukua A, E na T. Wengi wataona "eat" na "tea" wakaishia hapo. Mzoefu ataona pia "ate" na "eta", kisha atajiuliza lipi linabana vizuri pembeni ya neno lililoko ubaoni. Maneno ya herufi mbili yanayokubalika kwenye mashindano yamezidi 100, na wanaocheza kwa ushindani huyakariri yote.

Q ndiyo iliyotesa wengi, maana Waingereza huiambatanisha na U. Lakini kamusi za mashindano zinakubali "qat", ambayo ni mirungi, na "qadi", ambaye ni kadhi wetu huyu huyu. Lipo pia "qi", neno la Kichina. Q ikikaa kwenye chumba cha kuzidisha herufi mara tatu ni pointi 30, ongeza I moja, 31. Ikisomeka "qi" kwa kulala na kwa kusimama, ni 62 kwa neno la herufi mbili! Wanigeria walijenga mfumo juu ya hilo: maneno mafupi au ya wastani, herufi nzuri zinabaki mkononi, ubao unafungwa. Ni kupaki basi kabisa. Mwaka 2015 huko Perth, Australia, Wellington Jighere akamfunga Mwingereza Lewis Mackay 4-0 kwenye fainali na kuwa Mwafrika wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia.

Butts mwenyewe asingefika mbali kwenye mashindano hayo. Alikuwa dhaifu kwenye tahajia, na mkewe Nina, ambaye zamani alikuwa mwalimu wake shuleni, ndiye aliyekuwa akimshinda.

Kuuza mchezo nako kulikuwa mateso. Kwanza aliuita Lexiko, bila ubao, na kampuni kubwa za michezo zikamtosa. Mwaka 1938 akaongeza ubao wa vyumba 15 kwa 15 na kubadili jina kuwa Criss-Cross Words. Wakamtosa tena. Akarudi kuchora ramani, huku seti chache akizikata mwenyewe na kucheza na majirani kwenye ukumbi wa kanisa mtaani kwao Jackson Heights.

Mwaka 1948 ndipo James Brunot alipouchukua, akarekebisha sheria na kuusajili kwa jina la Scrabble. Mwaka uliofuata alitengeneza seti 2,400 na kupata hasara ya dola 450. Mambo yaligeuka mwaka 1952, duka kubwa la Macy's lilipoanza kuuza. Oda zikafurika, zikaanza kuuzwa seti kwa mamilioni. Mgawo wa Butts ulikuwa kama senti 3 kwa seti. Si mkwanja wa kutisha, ila ulimtosha kuishi vizuri na kugawia wengine.

Alipokaribia miaka 90 alitoa mchezo mwingine wa maneno, haukutamba. Alifariki Aprili 4, 1993, akiwa na miaka 93. Jackson Heights, karibu na kanisa lile, kuna kibao cha mtaa ambacho kila herufi ya jina la barabara imewekewa pointi zake za Scrabble.