Ethelwynn Trewavas na Samaki Wanaolea Mdomoni

Ukitia miguu katika kijito kinachoshuka Kinole kutoka misitu ya milima ya Uluguru, utasikia kwamba maji yake ni baridi. Maji hayo hutelemka mpaka mto Ruvu, na kule tambarare huwa yamepata joto. Humo ndimo waishimo perege. Maji yakipoa chini ya nyuzi 20 hivi za Sentigredi, perege hawazaliani. Je, wajua jinsi wanavyolea watoto wao? Mmoja wa wataalamu waliotufundisha mengi juu ya samaki hawa ni mwanamke aitwaye Ethelwynn Trewavas.

Trewavas alizaliwa mwaka 1900 katika mji wa Penzance, Uingereza. Baadaye alifanya kazi katika makumbusho ya viumbe mjini London. Huko alichunguza samaki waliohifadhiwa katika chupa za spiriti, akahesabu magamba na miiba yao, na kuwapa majina. Mwaka 1939 alifika Ziwa Nyasa pamoja na wenzake kuchunguza samaki na uvuvi.

Zamani perege wa namna nyingi waliwekwa katika kundi moja kwa sababu walifanana. Trewavas hakuridhika na sura peke yake. Alitazama pia namna wanavyolea. Baadhi hutaga mayai juu ya mawe au mimea na kuyalinda hapo. Wengine, kama perege wa Ruvu, huyalea mdomoni. Dume huchimba shimo chini ya maji. Jike hutaga humo, dume huyarutubisha mayai, na jike huyachukua mdomoni. Wakati wote wa kulea, jike hula kidogo sana au hali kabisa. Vifaranga wakisha kuanguliwa na kukua kidogo mdomoni hutoka kuogelea, lakini waonapo hatari hukimbilia tena mdomoni mwa mama yao.

Hata katika Ziwa Natron wamo samaki wadogo walio jamaa ya perege. Maji ya chemchemi zake ni ya magadi, na joto lake huweza kukaribia nyuzi 40. Samaki wengi wangekufa humo. Lakini hao huzaliana, nao pia hulea mdomoni.

Trewavas alistaafu mwaka 1961, lakini hakuacha kazi. Mwaka 1966 aliwapa jina la kisayansi perege wa mto Wami, mkoani Morogoro. Mwaka 1983, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80, alitoa kitabu kikubwa juu ya perege. Alifariki mwaka 1993.

Kazi yake yatuhusu hata leo. Sato walioletwa kutoka maji mengine huweza kuzaliana na perege wetu wa asili, na watoto wakawa mchanganyiko. Asiyejua kuwatofautisha hatatambua kwamba perege wa asili wanatoweka. Tena, amvuaye jike mwenye watoto mdomoni huua kizazi kizima. Ukimpata jike wa namna hiyo, mrudishe majini upesi.

Maswali

1. Kwa nini perege hawazaliani katika vijito vya baridi vya milimani?
2. Trewavas alitazama nini zaidi ya sura ya samaki?
3. Kuna faida gani jike kulea watoto mdomoni?