Giuseppe Brotzu, munganga aliyetafuta dawa kwenye maji machafu

Seftriaksone, ile sindano wagonjwa wengi wanapewa hospitali, inatoka katika jamaa ya dawa iliyoanzia mbali na huku: kwenye bahari ya kisiwa cha Sardinia, Italia, pale maji machafu ya mji wa Cagliari yalikuwa yanamwagika.

Giuseppe Brotzu alizaliwa Ghilarza, hukohuko Sardinia, mwaka 1895. Alisomea uganga, akafundisha mambo ya afya na usafi kwenye univerisite ya Cagliari, hata akawa rekta wake.

Mwaka 1945, vita ikiisha, tifoidi ilikuwa inasumbua wakaaji wa mji. Lakini vijana walikuwa wanaoga pale Su Siccu, karibu na mdomo wa mfereji, na ugonjwa haukuwashika jinsi ilivyotazamiwa. Mwingine angesema ni bahati tu. Brotzu yeye akachota maji, akayapima, na mwezi wa 7 akapata ndani yake kuvu, ndugu ya uyoga, inayoitwa Cephalosporium acremonium.

Kuvu za majini zinakula takataka na mimea iliyokufa. Zinaivunjavunja, na kaboni iliyokuwa ndani inarudi kwenye maji na kwa viumbe wengine. Sasa bakteria nazo zinagombania chakula kilekile, njo maana kuvu zingine zinatoa sumu ya kuziua. Brotzu aliwaza kwamba sumu hiyo ilisaidia bahari kujisafisha. (Hiyo si ruhusa ya kuoga penye mfereji! Jua, chumvi na wingi wa maji pia vina kazi yao.)

Alijaribu majimaji ya kuvu hiyo, bila hata kuyasafisha vizuri, kwa wenye tifoidi na wenye majipu. Wengine wakapata nafuu. Lakini feza na vyombo vya kuendelea vilikosa. Mwaka 1948 aliandika matokeo katika kijarida cha palepale Cagliari, wasomaji wachache sana. Bahati nzuri, kupitia munganga mmoja Mwingereza, kuvu ikafika Oxford. Huko Edward Abraham na Guy Newton wakatoa ndani yake sefalosporini C, ambayo bakteria zilizozoea kuharibu penisilini hazikuiweza kirahisi. Dawa ya kwanza ya jamaa hiyo iliuzwa mwaka 1964.

Brotzu aliingia siasa, akaongoza jimbo la Sardinia, halafu akawa meya wa Cagliari. Nobel hakuipata. Alikufa mwaka 1976, na hospitali kubwa ya mji huo ina jina lake.