Dakta Allen, Mwalimu wa Mpira wa Kikapu

Askari wa Giteranyi au wa Gitega ambaye jioni huvua buti na kuushika mpira wa kikapu, pengine hana habari kwamba kuna wakati ambapo kuudunda mpira huo kulikaribia kupigwa marufuku. Aliyesimama kidete kuizuia hatua hiyo ni Marehemu Dakta Forrest Allen, wa Chuo Kikuu cha Kansas, nchini Marekani.

Allen alizaliwa tarehe 18 Novemba, 1885, katika jimbo la Missouri. Sauti yake iliyovuma kama honi ya meli gizani ilimpatia jina la utani la Phog. Chuoni Kansas alicheza chini ya James Naismith mwenyewe, aliyeubuni mchezo huo mwaka 1891. Naismith aliamini kuwa mpira wa kikapu ni wa kuchezwa tu, wala haufundishiki. Katika jambo hilo mwanafunzi hakumtii mwalimu wake. Aliiongoza timu ya Kansas kuanzia 1907 hadi 1909, akaenda kusomea utabibu wa viungo na mifupa, kisha akarejea mwaka 1919, wala hakuondoka tena hadi 1956.

Mwaka 1927 kamati ya sheria za mchezo iliamua kwamba mchezaji aruhusiwe kuudunda mpira mara moja tu. Allen aliona kuwa hiyo ni kuufunga mchezo miguu. Aliwakusanya makocha wenzake, wakaunda chama chao, na uamuzi ule ukafutwa. Alipigania pia mchezo uingizwe katika Olimpiki. Mwaka 1936, mjini Berlin, Naismith akiwa mzee aliushuhudia ukichezwa huko kwa mara ya kwanza.

Ubingwa wa vyuo vya Marekani ulimfikia mwaka 1952, timu yake ilipoishinda St. John's 80 kwa 63. Mwaka huohuo, mjini Helsinki, wachezaji wake saba walikuwamo katika timu ya taifa iliyoifunga Urusi ya Kisovieti 36 kwa 25.

Kisha akampata kijana mrefu ajabu, Wilt Chamberlain. Sheria za wakati ule hazikumruhusu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kuchezea timu kubwa. Tarehe 18 Novemba, 1955, siku Allen alipotimiza miaka 70, vijana wa mwaka wa kwanza waliishinda timu hiyo kubwa 81 kwa 71, Chamberlain akifunga pointi 42. Lakini miaka 70 ndiyo ilikuwa kikomo cha utumishi. Allen aliomba aongezewe muda, akakataliwa. Sisi tuvaao sare twaujua uchungu wa kukabidhi vifaa ilhali nguvu zingalipo.

Aliondoka akiwa ameshinda michezo 746, idadi ambayo baadaye ilipitwa na mwanafunzi wake, Adolph Rupp. Mwezi Machi, 1957, Kansas pamoja na Chamberlain ilifika fainali, ikashindwa na North Carolina 54 kwa 53 baada ya muda wa nyongeza mara tatu. Kocha alikuwa mwingine.

Dakta Allen alifariki dunia mjini Lawrence tarehe 16 Septemba, 1974.