William Herschel na Kioo cha Darubini

Ndugu msomaji, tazama jiwe lako la kunolea panga. Lilipokuwa jipya lilikuwa sawa. Sasa limebonyea katikati. Hakuna aliyelichonga. Limebonyea kwa kusuguliwa kila siku. Hapa Mchinga sote tunalijua jambo hili. Kwa kusugua hivyo, mtu mmoja alipata kuiona sayari ambayo watu hawakujua kuwa ipo.

Mtu huyo ni William Herschel. Alizaliwa mwaka 1738 katika mji wa Hannover, Ujerumani. Alihamia Uingereza, akakaa katika mji wa Bath. Alikuwa mwanamuziki na mwalimu wa muziki.

Mwaka 1773 alianza kusoma vitabu vya elimu ya nyota. Wakati huo alikuwa mtu mzima wa miaka 34. Alitaka darubini kubwa, lakini kioo chake kilikuwa cha bei kubwa mno. Basi alinunua vyombo vya kusagia vilivyokwisha tumika, akaanza kazi nyumbani.

Vioo vya darubini zake vilikuwa vya shaba nyekundu na bati, vilivyoyeyushwa pamoja. Je, kioo kama hicho husagwa vipi? Fundi hutengeneza kwanza chombo cha kusagia. Chombo hicho hubinuka kidogo, kama mgongo wa kijiko. Juu yake hutia maji na unga mkali wa mawe. Kisha husugulia kioo hapo, huku akikizungusha. Polepole kioo hubonyea na kufuata umbo la chombo. Chombo kikiwa kibaya, kioo nacho huwa kibaya. Mwisho, kioo husuguliwa juu ya lami ngumu mpaka king'ae.

Dada yake, Caroline, alimsaidia sana. Siku moja Herschel alisugua kioo kwa saa 16 bila kuondoa mikono. Caroline alimlisha chakula mdomoni. Baadaye Caroline naye akawa mtaalamu wa nyota.

Mwezi Machi 1781 Herschel aliona sayari mpya kwa darubini yake. Sayari hiyo huitwa Uranusi. Tangu kale watu walijua sayari mpaka Zohali tu.

Mwezi Agosti mwaka huohuo alijaribu kutengeneza kioo kikubwa zaidi. Cha kwanza kilipasuka kilipokuwa kinapoa. Mara ya pili madini ya moto yalimwagika. Mawe ya sakafu yaliruka huku na huku. Watu walikimbia kuokoa maisha yao.

Herschel hakukata tamaa. Mwaka 1789 alimaliza darubini ya urefu wa mita 12. Kioo chake kilikuwa na upana wa sentimita 120 hivi. Alifariki mwaka 1822.

Ndugu msomaji, Herschel alianza kazi hii ukubwani, kwa kitabu na kwa mikono yake. Wewe pia umejifunza kusoma ukubwani. Usiache.

Maswali
1. Kwa nini fundi huanza kwa kutengeneza chombo cha kusagia?
2. Wewe ungependa kujifunza kazi gani kwa kusoma?