Adam Smith: Mhadhiri aliyerudisha karo

Kama umesoma uchumi hata muhula mmoja tu, jina Adam Smith umelisikia. Ndiye yule wa mwokaji anayekuuzia mkate kwa sababu anataka chapaa yako, wala si kwa sababu anakuonea huruma. Wengi wetu humjua hivyo na kuishia hapo. Lakini ulijua kwamba kabla ya umaarufu huo jamaa alikuwa mhadhiri wa kawaida, wa kurauka asubuhi kwenda darasani? Na siku alipoacha kazi alifanya kitu ambacho hesabu ya mwokaji haiwezi kukieleza.

Twende pole pole. Smith alizaliwa mwaka wa 1723 huko Kirkcaldy, mji mdogo wa bandari nchini Scotland. Babake alifariki miezi michache kabla hajazaliwa, akalelewa na mamake, Margaret. Akiwa na miaka 14 alijiunga na Chuo Kikuu cha Glasgow. Huko alifundishwa na Francis Hutcheson, aliyefundisha kwa Kiingereza wakati desturi ilikuwa Kilatini. Vijana walimpenda sana.

Mwaka wa 1740 Smith akapata ufadhili wa kwenda Oxford, Uingereza. Ungedhani huko ndiko mambo yangeshika moto, sivyo? Wapi! Maprofesa wengi walikuwa hawafundishi, na hata kujifanya wanafundisha walishachoka. Kwa nini? Mshahara uliingia tu, mwanafunzi awe ameelewa au amelala. Smith akajisomea mwenyewe kwa miaka sita, kisha mwaka wa 1746 akafunga virago kabla ufadhili haujaisha. Sisi tulioacha chuo njiani tusishangilie sana lakini. Mwenzetu aliondoka akiwa amemeza vitabu vya kuwatosha maprofesa wawili.

Mwaka wa 1751 Glasgow ikamwita awe profesa. Siku hizo hakukuwa na somo linaloitwa uchumi. Smith alifundisha falsafa ya maadili, na ndani yake akaingiza sheria, biashara, bei na pesa. Darasa lilianza saa moja na nusu asubuhi. Baadaye, kwenye saa tano hivi, aliwaita tena kuwauliza maswali kuona nani ameshika na nani ameduwaa. Inasimuliwa kwamba alikuwa akichagua mwanafunzi mmoja na kumtazama akifundisha. Kijana akiinama mbele kusikiliza, mambo ni sawa. Akiegemea nyuma, Smith alijua somo limeboeka, akabadilisha mtindo.

Sasa cheki mambo ya pesa. Glasgow ilimpa profesa mshahara mdogo, na sehemu kubwa ya mapato yake ilitoka kwa karo ambayo wanafunzi walimlipa yeye mwenyewe, mkononi. Ukifundisha ovyo, komredi anahepa na mfuko wako unalia. Smith alikuwa ameonja mifumo yote miwili, na baadaye akaandika bila kuficha kwamba ule wa Oxford ndio ulioua ufundishaji.

Halafu ikaja dili. Mapema mwaka wa 1764, katikati ya mwaka wa masomo, alipata kazi ya kumfundisha kijana mmoja wa ukoo tajiri, Duke wa Buccleuch, na kusafiri naye Ufaransa. Malipo: pauni 300 kila mwaka, maisha yake yote. Wewe ungekataa?

Smith hakukataa. Lakini wanafunzi walikuwa wameshalipia kozi nzima. Alipanga mtu wa kuwamalizia masomo, kwa hivyo wasingepoteza chochote. Hata hivyo siku ya mwisho alikuja darasani na karo ya kila mmoja imefungwa kwenye karatasi. Akamwita wa kwanza. Kijana akakataa, akisema alichofundishwa kinazidi pesa hizo. Smith akamkamata koti na kumsukumia pesa mfukoni. Wengine walipoona mzee hana mchezo, wakapokea.

Huko Toulouse, Ufaransa, maisha yalimchosha, akaanza kuandika kitabu ili kupitisha wakati. Kilitoka mwaka wa 1776, The Wealth of Nations. Ule mfano maarufu wa kiwanda cha pini, ambapo watu 10 wakigawana kazi hutengeneza pini zaidi ya 48,000 kwa siku, tayari alikuwa akiwapa vijana wa Glasgow. Tunajuaje? Alipokaribia kufa mwaka wa 1790 aliamuru karatasi zake zichomwe, mihadhara yake ikiwemo. Lakini daftari za wanafunzi wake zilibaki, na zilipatikana zaidi ya miaka 100 baadaye. Na yeye mwenyewe, uzeeni, aliitaja ile miaka 13 ya uprofesa kuwa ndiyo yenye furaha kuliko yote.

Kila wahadhiri wetu wanapogoma, wengine husema walipwe vizuri na wengine husema wanapenda pesa tu. Ukisikia hivyo, mkumbuke Smith. Alisema wazi kwamba jinsi unavyomlipa mwalimu hubadilisha anavyofundisha, na hakuona aibu kudai chake. Ila pesa ambayo hakuifanyia kazi hakuitaka. Hiyo sehemu ya pili haimo kwenye mfano wa mwokaji, na darasani huwa hatuambiwi.