Sinan: Askari Aliyejenga

Mara nyingi jeshi hukumbukwa kwa yale liliyoyavunja. Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu, hasa wanajeshi na polisi, habari za askari mmoja ambaye jina lake limedumu kwa yale aliyoyajenga.

Sinan alizaliwa karibu na mwaka 1490 katika kijiji cha Ağırnas, nchini Uturuki, katika nyumba ya Kikristo. Dola ya Uthmaniya ilikuwa na desturi ya kuwachukua wavulana wa Kikristo wakamtumikie Sultani. Naye akachukuliwa, akasilimu, akaingia katika Mayanisari, kikosi mashuhuri cha askari wa miguu. Alifuatana na majeshi hadi Belgrade mwaka 1521 na Mohács mwaka 1526, akipanda cheo baada ya cheo. Vita vikawa chuo chake cha ujenzi. Mwaka 1538, jeshi lilipozuiwa na mto Prut wenye kingo za tope, yeye ndiye aliyelijengea daraja kwa siku chache. Haukupita muda mrefu Sultani Suleiman akamfanya msanifu mkuu wa majengo, kazi aliyoishika hadi alipofariki mwaka 1588.

Orodha za kale zinamhesabia kazi zaidi ya 300: misikiti, shule, hospitali, mifereji ya maji na madaraja. Mwenyewe aliuona msikiti wa Selimiye, ulioanzwa mwaka 1568 mjini Edirne, kuwa kilele cha ustadi wake. Kuba lake, lenye upana wa mita 31 hivi, limebebwa na nguzo 8.

Lakini kwetu sisi tubebao silaha, fundisho kubwa limo katika daraja la Višegrad, nchini Bosnia. Liliagizwa na Waziri Mkuu Mehmed Pasha Sokolović, mzaliwa wa pande zile, ambaye naye alichukuliwa ujanani kama Sinan. Lina matao 11 na urefu wa karibu mita 180 juu ya mto Drina. Katika Vita Kuu ya Kwanza matao 3 yalibomolewa, na katika ile ya Pili matao 5. Yote yakajengwa upya. Mwaka 1992 watu wenye silaha waliwaua raia juu ya daraja hilo hilo na kuwatupa mtoni. Mwaka 2007 UNESCO ililiandika katika orodha ya urithi wa dunia.

Matao yamerudishwa, raia wale hawakurudi. Sinan alijenga ili watu wavuke salama. Askari anayesimama zamu darajani leo na ajue kwamba amekabidhiwa vyote viwili: jiwe na mpita njia.